Prosesa Zilizopo na Prosesa Zinazofanya Kazi

Seva ikianza kuwa nzito katika ofisi ya Bujumbura, neno linalotangulia ni kwamba imezeeka, inunuliwe nyingine. Hutamkwa kabla mtu yeyote hajaketi mbele ya mashine na kuiuliza ina prosesa ngapi, zipi zimewashwa, na hizo zilizowashwa zinafanya nini. Kwa miaka niliyotunza seva katika mji huu nimeshika imani moja ambayo nataka kuitetea hapa kwa hoja: maswali hayo, yanayojibiwa kwa amri fupi za kuandika, yatangulie barua ya kuomba fedha na yatangulie sahihi ya kupokea msaada. Pengine mahali pengine ulimwenguni jambo hili lina uzito mdogo. Kwetu ni zito kwa sababu ya njia ambayo mashine hupita hadi kutufikia. Imeshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, ikabebwa na lori kwa zaidi ya kilomita elfu moja, au ikavushwa ziwa kutoka Kigoma. Imelipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi huzipata kwa shida. Mara nyingi pia imekwisha kumtumikia mtu mwingine Ulaya au Marekani kabla yetu. Ofisi inayonunua seva isiyoihitaji hapa Bujumbura haina njia ya kuirudisha dukani wiki inayofuata. Itakaa na kosa hilo mpaka bajeti nyingine ipatikane, na bajeti nyingine yaweza kuwa ya miaka mingi baadaye.

Amri ninayoiheshimu kuliko zote katika kazi hii ni ya zamani. Kampuni ya Sun Microsystems iliuza seva zenye prosesa nyingi tangu miaka ya 1990, na mfumo wake wa Solaris ulikuwa na amri iitwayo psrinfo. Ukiiandika bila nyongeza yoyote, inakupa mstari mmoja kwa kila prosesa: namba yake, hali yake, na tarehe na saa ilipoingia katika hali hiyo. Hali yenyewe hutajwa kwa neno lililo wazi. On-line maana yake inapokea kazi. Off-line imewekwa kando. No-intr inafanya kazi za programu lakini haisumbuliwi na vifaa vingine. Spare iko akiba. Faulted mfumo wenyewe umeiona ina hitilafu. Tunda la muundo huu ni ile tarehe. Prosesa saba zikisema zimewashwa tangu siku seva ilipowashwa mara ya mwisho, na ya nane ikisema ilitolewa kazini usiku mmoja wiki sita baadaye, umekwisha kupata mwanzo wa uchunguzi wako bila kufungua skrubu hata moja. Solaris 10, iliyotoka mwaka 2005, ilizidi hapo: iliweza kuona makosa yanayojirudia katika prosesa moja, ikaitoa kazini yenyewe, na seva ikaendelea kuhudumia watu. Huo ni uhandisi wa hali ya juu, lakini una gharama yake. Mtumiaji haoni taa nyekundu wala hasikii mlio. Anachokiona ni uzito tu, na uzito hauna anwani.

Wavuvi wa ndagala wa hapa ziwani hutoka usiku na taa, na samaki hawafuati taa zilizotundikwa, wanafuata zilizowaka. Hati ya ununuzi huhesabu zilizotundikwa. Psrinfo na ndugu zake huhesabu zilizowaka, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo hoja yangu yote.

Leo seva nyingi tunazozikuta Bujumbura zinaendeshwa na Linux au Windows. Linux ilianza kutumia prosesa zaidi ya moja katika toleo la 2.0, Juni 1996, na zana zake za kuzihoji zimekua polepole. Amri ya nproc inatoa namba moja tu. Wengi hudhani namba hiyo ni idadi ya prosesa za mashine, nayo ni idadi ya zile ambazo programu inayouliza imeruhusiwa kuzitumia; ukitaka zilizofungwa ndani ya mashine unaandika nproc --all, na jibu laweza kuwa tofauti. Amri ya lscpu inaeleza zaidi, na lscpu -e inapanga jedwali lenye safu ya kila prosesa, pamoja na soketi yake (tundu inamochomekwa), kiini chake (sehemu inayofanya hesabu), na kama imewashwa au la. Asiyetaka hata hiyo anaweza kusoma mafaili mawili mafupi yaliyo katika /sys/devices/system/cpu: moja linaitwa present, jingine online. La kwanza likisema 0-7 na la pili likisema 0-3, nusu ya mashine imelala. Sababu za kulala huko ni za kawaida kabisa. Mtu aliyeiweka mashine alizima viini, labda kupunguza umeme. Mtu mwingine aliandika maxcpus katika maelekezo ya kuwasha mfumo wakati akitafuta hitilafu, kisha akahamia kazi nyingine. Kwenye Windows kuna ushauri ulioenea sana kwamba ukifungua msconfig na kuchagua idadi ya prosesa, kompyuta itaongeza kasi. Ukweli ni kinyume chake: Windows hutumia prosesa zote isipoguswa, na kisanduku kile kazi yake ni kuweka kikomo. Aliyechagua 2 kwenye mashine ya 8 amejinyima 6, naye anaamini amejisaidia.

Hata ukipata idadi sahihi, lazima ujue umehesabu nini. Tangu Intel ilipoleta Hyper-Threading mwaka 2002, kiini kimoja kinaweza kujitangaza kama prosesa mbili, kwa kuwa kinabeba nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Nyuzi hizo zinagawana viungo vya kiini kilekile, kwa hiyo uzi wa pili hauongezi nguvu sawa na kiini cha pili. Mfano mkubwa zaidi ulitoka kwa Sun wenyewe mwishoni mwa 2005. Prosesa yao ya UltraSPARC T1 ilikuwa na viini hadi 8, kila kimoja na nyuzi 4, na psrinfo ikaonyesha mistari 32. Ungeandika psrinfo -p, inayohesabu vipande halisi, ungejibiwa 1. Zaidi ya hapo, viini vyote 8 viligawana kitengo kimoja tu cha hesabu za desimali. Kwa seva ya tovuti mashine ile ilikuwa hodari. Kwa mtu wa takwimu au wa utabiri wa mvua, mistari 32 ilikuwa ahadi ambayo kifaa hakikuweza kuitimiza. Amri haikusema uongo. Iliulizwa swali moja, na msomaji akalichukua jibu kama la swali jingine.

Mkanganyiko huu wa soketi na viini unagusa ofisi ndogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu programu nyingi hupimwa na kulipiwa kwa hesabu hiyo. Oracle huhesabu viini na kuvizidisha kwa kigawo chao. Kwa prosesa nyingi za Intel Xeon kigawo hicho ni 0.5. Lakini mfano wa karibu zaidi na maisha yetu ni SQL Server Express, toleo la bure la Microsoft ambalo ofisi nyingi za uhasibu na maduka ya dawa hulitegemea katika nchi zetu. Toleo hilo lina kikomo: soketi moja au viini vinne, lolote lililo dogo. Weka seva ya soketi mbili na viini 16 chini ya hifadhidata hiyo, na viini 12 havitaiona kazi yake kamwe. Kuna lililo baya zaidi. Ukitengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya programu ndani ya seva, na kuipa prosesa nane zilizopangwa kama soketi nane za kiini kimoja kimoja, Express itachukua soketi moja, yaani kiini kimoja. Anayeona hifadhidata inakokota ataomba seva kubwa zaidi, aipate, na isisaidie hata kidogo. Dawa ilikuwa kubadilisha mpangilio ule uwe soketi moja ya viini vinne, kazi isiyogharimu faranga hata moja, ila ilihitaji mtu asome jinsi mashine inavyojieleza.

Suala la vifaa vilivyotumika linastahili mfano wake, na ukanda wetu unao. Februari 2013 Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilizima kompyuta kuu yake iitwayo Ranger, iliyokuwa imefanya kazi tangu 2008. Ilikuwa na nodi 3,936, kila nodi na soketi nne za AMD Opteron, kila soketi na viini vinne; jumla viini 62,976. Sehemu zake hazikutupwa. Zilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Botswana na Tanzania ili vyuo vya huku vianze kujifunza kazi ya kompyuta za namna hiyo. Naitazama zawadi ile kwa heshima, na naona ndani yake somo la kupokea. Kila nodi ya Ranger inapaswa kujibu 16. Nodi inayojibu 12 imepoteza soketi nzima, na ukijua hilo unajua pa kutazama: kifaa kimelegea safarini, au kumbukumbu iliyofungwa upande wa soketi ile imekataa. Mpokeaji mwenye namba inayotarajiwa anaweza kupima mashine moja baada ya nyingine kwa amri moja. Asiye na namba atawasha, ataona skrini imewaka, na atashukuru. Seva moja inayoletewa shule ya Buyenzi au zahanati ya Kamenge ni ndogo mno mbele ya Ranger, lakini kipimo chake ni hichohicho.

Kisha kuna hali ya tatu, ambayo naiona ndiyo yenye mambo mengi kuliko zote: prosesa iliyopo, iliyowashwa, na ambayo hata hivyo haifanyi kazi unayodhani. Picha za asilimia zinazoonyeshwa kwenye kurasa za usimamizi hupenda wastani. Chukua seva ya prosesa nane inayoendesha programu ya zamani isiyojua kugawa kazi. Prosesa moja imejaa kabisa, saba zimekaa, na wastani unasema asilimia 12.5. Msimamizi anaona nambari ndogo na kutangaza kwamba prosesa hazina tatizo. Mtumiaji anangoja ripoti ya mwezi hadi jioni. Amri ya mpstat -P ALL inavunja wastani huo na kuonyesha kila prosesa peke yake, na ndani ya top kubonyeza 1 kunafanya vivyo hivyo. Ukishaona prosesa moja inaungua peke yake, unajua kwamba seva yenye viini vingi zaidi haitakusaidia. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: nusu ya kazi ikiwa haigawanyiki, hata uongeze prosesa kiasi gani, kasi haiwezi kuzidi mara mbili. Kinachofaa hapo ni viini vichache vyenye kasi, au programu iliyoandikwa upya. Upande wa pili kuna wastani wa mzigo unaotolewa na uptime, ambao kwenye Linux hujumlisha pia kazi zinazosubiri diski. Namba inaweza kufika 20 huku prosesa zote zikiwa karibu tupu, na anayeisoma bila safu ya iowait ya mpstat atanunua prosesa kutibu ugonjwa wa diski.

Bujumbura inaongeza jambo la joto. Mji uko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa karibu mita 770, na mchana wa Agosti na Septemba haufanani na hewa ya Gitega kule juu. Wahandisi wa vyumba vya seva hushauri hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27. Umeme ukikatika, betri ya akiba huishikilia seva lakini haikishikilii kiyoyozi. Umeme ukirudi, viyoyozi vingi husubiri mtu avibonyeze. Katika saa hizo prosesa haizimi. Inapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na inaendelea kujiita on-line. Hapa neno la hali peke yake halitoshi, ni lazima kutazama kasi inayokwenda sasa, na kwenye mashine za Intel zenye Linux kuna faili dogo liitwalo core_throttle_count, ndani ya thermal_throttle ya kila prosesa, linalohesabu ni mara ngapi imelazimika kupunguza. Hesabu hiyo ikipanda kila alasiri, fedha za ofisi ziende kwenye feni, mapazia na kiyoyozi. Nimeona ni rahisi zaidi kumshawishi mkurugenzi anunue kiyoyozi akiwa na safu ya namba mbele yake kuliko akiambiwa tu kwamba chumba kina joto, kwa sababu joto analijua kila mtu wa Bujumbura na kila mtu amekwisha kulizoea.

Wapo watakaosema nalikuza jambo hili, maana prosesa haziharibiki kwa urahisi. Kinachokufa ni diski na vifaa vya umeme. Ni kweli, na nakubali bila shida. Prosesa iliyoandikwa faulted ni nadra. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyaeleza haikuhusu kufa kwa prosesa; ilihusu kuzimwa, kuwekewa kikomo, kuhesabiwa vibaya na kupunguzwa kasi. Hayo hutokea kwa mashine nzima kabisa, na kwa kuwa ni nzima, hakuna mlio wa kuyatangaza. Wengine husema kurasa za usimamizi zenye rangi na michoro zinatosha. Zina faida yake na sizikatai mahali zilipo. Hata hivyo, ukurasa wa michoro unahitaji programu ya ziada, na unahitaji mtandao usiokatika. Nyaya za fiberi zimeboresha sana intaneti ya Bujumbura ukilinganisha na zama za setilaiti, lakini bado kuna saa ambapo kinachopita ni kidogo, na kidogo hicho kinatosha kwa maandishi. Mtu aliye Ngozi anaweza kuihoji seva iliyo Rohero kupitia simu yake kwa herufi mia chache.

Pingamizi zito zaidi ni la wingu: kwa nini tuhangaike na prosesa zetu wakati tunaweza kukodi? Tangu AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ifungue vituo vyake Cape Town mwaka 2020, bara letu lina huduma hiyo karibu kuliko zamani, na zipo kazi ambazo ningezipeleka huko bila kusita. Ila kukodi hakufuti swali, kunalihamisha. Prosesa pepe unayoilipia kila mwezi, tena kwa fedha za kigeni, kwa mashine nyingi za aina ya Intel ni uzi mmoja wa kiini, si kiini kizima. Ndani ya mashine pepe kuna safu ya steal, inayoonyesha muda ambao prosesa yako ilitaka kufanya kazi lakini mwenye nyumba alikuwa amempa mwingine. Asiyejua kuisoma ataongezewa bili badala ya kuongezewa kasi. Programu za Java nazo zimetoa funzo kubwa hapa: hadi Java 10 na toleo la 8u191, zote za mwaka 2018, Java iliyofungwa ndani ya kontena iliweza kuhesabu prosesa zote za mashine mama, ikafungua nyuzi nyingi kupita kiasi, kisha ikabanwa na kikomo cha kontena. Alihitajika mtu aliyejua kulinganisha majibu ya pande mbili.

Limebaki la lugha, ambalo kwa mji wetu si dogo. Husemwa kwamba amri hizi ni za mafundi, na kwamba mhasibu anayetia sahihi hawezi kuzisoma. Lakini lscpu hufuata lugha ya mfumo. Kwenye seva iliyowekwa kwa Kifaransa hutoa mistari yake kwa Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya makaratasi ya ofisi zetu. Fundi akumbuke tu kwamba hati zake za kiotomatiki zinazotafuta maneno ya Kiingereza zitashindwa kimya kimya kwenye seva hiyo, na aweke LC_ALL=C mbele ya amri. Mhasibu hahitaji kuelewa kila mstari. Anahitaji mitatu: soketi, viini kwa kila soketi, na orodha ya prosesa zilizowashwa. Hiyo anaweza kuilinganisha na ankara kwa kalamu.

Ndiyo maana napendekeza karatasi moja iambatane na kila seva inayopokelewa Bujumbura, ya kununuliwa au ya msaada. Iwe na majibu ya lscpu na lscpu -e yaliyochapishwa siku ya kupokea mbele ya aliyeileta, yenye tarehe na sahihi za pande zote mbili, na nakala yake ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la seva. Amri zilezile zirudiwe kila mwanzo wa kiangazi na kila baada ya hitilafu kubwa ya umeme, na majibu yaandikwe chini ya yale ya kwanza. Kwa mashine za Intel iongezwe hesabu ya core_throttle_count. Namba zikitofautiana na ankara siku ya kwanza, sahihi isubiri mpaka aliyeileta aeleze; zikitofautiana mwaka wa tatu, barua ya kuomba seva mpya iambatanishwe na karatasi hiyo, na anayeidhinisha fedha asome kwanza mistari iliyobadilika.